Omena ya Ijumaa, Ufuoni Karungu

Jerusha alizaliwa upande wa Oyugis, kwa watu wa kanisa la Roho. Nyanyake alivaa kanzu nyeupe yenye msalaba mwekundu kifuani, na siku ya ibada hakuna aliyeingia kanisani na viatu. Ngoma ililia mpaka kuku wakahama boma. Alipoolewa Karungu na mvuvi Msabato, Jerusha alifunzwa mambo yote mapya kwa wiki moja: majani ya chai aache, hereni avue, samaki aina ya mumi asile kwa kuwa hana magamba, na siku ya Ijumaa jua likigusa ziwa, kazi yote ikome mpaka kesho yake jioni.

Akashika yote. Matundu ya masikio yakajifunga yenyewe.

"Mimi nimemwabudu Mungu miguu mitupu, na nimemwabudu na viatu," hupenda kusema, "na ni yule yule. Lakini nyumba ukishaingia, shika sheria yake."

Mumewe alizama wakati mtoto wao Tony yuko darasa la tatu. Alikuwa akitoka kisiwani Remba, na upepo ukapindua mashua. Jerusha akabaki na nyumba ya mabati, shamba dogo la mtama, na vipande vinne vya wavu mzee. Akavitandaza chini, akaanza kazi ya omena, dagaa wa ziwani. Alfajiri mashua zikifika ananunua, anaanika, anageuza, anafagia pamoja, na jioni anaanua.

Mwaka huohuo, muda mfupi kabla ya msiba, alikuwa amekuja jirani mpya, mama mmoja kutoka Kisii, jina lake Bosibori, ambaye naye alianika omena. Alikuwa Mkatoliki wa rozari shingoni, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Jerusha hakujua Kikisii, Bosibori hakujua Kijaluo, kwa hiyo urafiki wao ulijengwa kwa Kiswahili cha sokoni, na ukasimama imara kushinda nyumba zao. Jerusha alimwita Nyar Kisii, yaani binti wa Kisii. Bosibori alimwita Mama Tony, na akitaka kumchokoza alimwita Msabato.

"Msabato, huko mbinguni chai hakuna, mumi hakuna. Sasa mtakuwa mnafanya nini siku nzima?"

"Tutakuwa tunawangoja nyinyi mmalize kunywa."

Sasa, omena haijui siku. Ya Ijumaa, jua likiwa dhaifu, haikauki kabla Sabato haijaingia. Inalala wavuni, na Jumamosi inataka kugeuzwa na kuanuliwa, na mwenyewe yuko kanisani. Jumamosi moja, miaka kumi na tisa iliyopita, wingu lilitanda Jerusha akiwa kwenye ibada. Aliporudi jioni, jua limekwisha kuzama, alikuta omena yake yote ndani ya gunia, imefungwa, iko mlangoni. Bosibori hakusema neno. Jerusha naye hakuuliza. Kesho yake Jumapili, Bosibori alipokwenda misa, Jerusha akatoka na ufagio wake akaenda kugeuza omena ya Bosibori. Ikawa hivyo. Hawakupatana kwa mdomo hata siku moja. Huyu alilinda siku ya yule, na yule ya huyu.

Mpaka Mzee Maurice alipokuja.

Mzee Maurice alikuwa mwalimu mstaafu kutoka mjini Homa Bay, akachaguliwa mzee wa kanisa lao la Karungu. Hakuwa mtu mbaya, wala mtu asidhani hivyo. Alikuwa mpole, mwenye kunyoosha mambo kama alivyokuwa akinyoosha mistari ubaoni. Na Jerusha alikuwa shemasi. Kwa miaka kumi na miwili yeye ndiye aliyeoka mkate usio na hamira wa Meza ya Bwana, na kuandaa mabeseni ya kutawadhana miguu, kwa maana Wasabato hawaikaribii Meza hiyo kabla ya kuoshana miguu, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake.

Mzee alimwita baada ya ibada.

"Dada Jerusha, Sabato omena yako inaanuliwa na nani?"

"Na Bosibori, mzee."

"Unamtuma?"

"Simtumi. Hata siku moja."

"Lakini ukikaa hapa kanisani, unajua iko salama."

Jerusha akatazama vidole vyake. Angeweza kudanganya, lakini uongo ulikuwa haumkai mdomoni. "Najua."

"Basi mkono ni wake, kazi ni yako. Amri haikusema upumzike wewe peke yako. Wote walio kwako wapumzike. Na shemasi hutazamwa na watu. Lifikirie."

Jerusha alilifikiria wiki nzima, akaona mzee ana haki. Ijumaa alasiri akaenda kwa Bosibori, na moyo wake ulikuwa mwema. Kosa lilikuwa katika kusema.

"Karibu, Mama Tony. Zile nyasi zako nimezichemsha." Bosibori alimaanisha mchaichai, ambao alimwekea siku zote kando ya birika lake la chai.

"Siketi sana. Nyar Kisii, kesho omena yangu usiiguse."

"Umepata mtu mwingine?"

"Hapana. Ni kanisa. Wamesema mkono wako unanivunjia Sabato."

Bosibori akaweka kikombe chini. Akanyanyua mkono wake wa kulia, akautazama mbele na nyuma kama nguo ya mtumba.

"Mkono huu? Huu uliokushika ufuoni siku wanamtoa mzee wako majini? Leo ndio umekuwa mumi? Hauna magamba?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema. Nenda, Sabato inakuja. Usichelewe kwa sababu ya mtu mchafu."

Kesho yake omena haikuguswa. Mvua haikunyesha, lakini bila kugeuzwa ilivunda upande wa chini, na Jerusha akawapa bata wa jirani mwingine. Hilo halikumuuma. Lililomuuma lilikuja Jumapili. Alifika mapema na ufagio wake kwenye nyavu za Bosibori, akamkuta mwenyewe yuko pale, amejifunga leso kiunoni, anageuza. Huko juu kengele ya Wakatoliki ilikuwa ikilia.

"Misa je?"

"Misa iko. Mimi ndiye siko."

"Nenda bwana, nitaiangalia."

"Wacha, Mama Tony. Usije ukanivunjia Jumapili yangu."

Jumapili ya pili ikawa hivyo. Ya tatu ikawa hivyo. Siku ya soko, katekista wa Wakatoliki, Nyamusi, alimsimamisha Jerusha penye nyanya akamuuliza kwa upole, "Mama, jirani yako ni mgonjwa? Hatumwoni kanisani, na yeye ndiye hutuanzishia nyimbo." Jerusha akaziacha palepale nyanya alizokuwa amechagua.

Akaenda moja kwa moja mpaka kwa Mzee Maurice, akamkuta akipalilia sukuma wiki.

"Mzee, naomba mtu mwingine aoke mkate."

"Kwa nini? Si umetii?"

"Nimetii. Sabato yangu sasa imenyooka. Lakini kuna mama hajaenda kusali Jumapili tatu kwa sababu yangu. Nimeikumbatia siku yangu kwa mikono miwili, mpaka nimemnyang'anya mwenzangu ya kwake."

Mzee akaegemea jembe. "Dada, hiyo Jumapili, sisi tunafundisha kwamba..."

"Najua tunachofundisha, mzee. Watoto wa darasa la Sabato nawafundisha mimi. Nami nakiamini, sitakiacha. Lakini yeye akipiga magoti kule, hampigii Mungu mwingine."

Mzee Maurice akang'oa gugu moja, akalitupa kando. Kisha akasema, "Mkate wa Sabato hii uoke wewe. Haya mengine niachie niyaombee."

Ijumaa ile kulikuwa na mawingu. Omena aliyoinunua alfajiri ilifika jioni bado ina maji tumboni. Kabla jua halijagusa ziwa, Jerusha akaifunika kwa nailoni, akaweka mawe pembeni, akaingia ndani kuuvika mkate kitambaa cheupe. Aliwaza tu kwamba iwe itakavyokuwa.

Sabato, baada ya mahubiri, wanawake walitoka wakaenda kwenye chumba cha watoto kutawadhana miguu. Jerusha alikuwa amepiga magoti mbele ya Lynnet, msichana aliyebatizwa karibuni, wakati tone la kwanza lilipogonga mabati. Kisha la pili. Kisha mabati yote yakanguruma, na upepo ukabamiza dirisha.

"Mama," Lynnet akanong'ona, "mvua."

"Naisikia. Lete mguu."

Lakini akilini aliiona nailoni ikipaa. Akasema moyoni, Bwana, ikienda na iende, ila mwenzangu nirudishie. Akaosha mguu wa kushoto, akaosha wa kulia, akapangusa.

Mvua ilikuwa imeanza kupungua mtu alipopiga hodi.

Bosibori alisimama mlangoni, leso imemgandama mwilini, matope mpaka magotini. Mikono yake yote, kutoka vidoleni hadi viwikoni, ilikuwa iking'aa vigamba vidogo vya omena kama mtu aliyepakwa fedha.

"Sikuja kusali," akasema, na sauti yake ile kubwa leo ilikuwa ndogo. "Nimekuja kukuambia mwenyewe, usisikie kwa watu. Upepo uling'oa nailoni. Nimeianua. Iko kwangu, mezani na kitandani na kila mahali. Ukitaka kuimwaga, kesho utaimwaga. Hukunituma, na kanisa halikunituma. Nimeona chakula kinachukuliwa na maji, na mimi nina mikono. Basi."

Akageuka aende.

"Nyar Kisii," Jerusha akaita. "Keti."

"Nitawachafulia."

"Na beseni ni la nini?"

Lynnet alikuwa amekwisha kuinuka kitini. Bosibori akatazama huku na huku, akaketi ukingoni kama anayekalia yai, Jerusha akamshika mguu. Kwa mlango uliokuwa wazi, Jerusha akamwona Mzee Maurice amesimama nje kwenye veranda, ana jagi la maji moto mkononi. Alikuwa amesikia yote. Jerusha hakushusha macho, wala hakuondoa mkono wake kwenye mguu wa Bosibori.

Mzee akakohoa. "Hayo maji yamepoa," akasema. Akampa Lynnet jagi bila kuingia. "Chukueni haya. Ya omena tutayazungumza siku yake. Miguu ya mgeni haingoji kikao."

Basi Jerusha akaosha. Maji yakageuka rangi ya ziwa wakati wa masika, na omena moja ikaelea juu yake. Mtu akacheka kwa pua, na wote wakajikuta wanacheka, Bosibori mbele.

"Kwetu padre huosha watu kumi na wawili tu, mara moja kwa mwaka," akasema akifuta macho. "Miaka hii yote sijawahi kuchaguliwa."

"Nisamehe yale maneno," Jerusha akamwambia chinichini. "Niliyasema vibaya."

"Uliyasema kama nyundo." Kisha akainuka, akakunja mikono ya blauzi. "Si mnaoshana? Sasa wewe keti. Ama mkono wangu bado una shida?"

Jerusha akautazama mkono ule unaong'aa. "Leo una magamba," akasema, "hata ya kugawia watu."

Ibada ilipoendelea, Bosibori alikaa kiti cha nyuma na leso yake mbichi. Mkate ulipomfikia aliupitisha kwa aliyeketi kando yake bila kuula, kwa kuwa kanisa lake halimruhusu, naye si mtu wa kuvunja sheria ya nyumba yake. Jerusha aliona, na hakuhuzunika. Alimjua vizuri zaidi kwa hilo.

Wiki iliyofuata Jerusha aliacha kununua omena siku ya Ijumaa. Hakuambiwa na Mzee Maurice. Aliamua mwenyewe, ili Sabato isimkute na kitu wavuni, na asiwepo mtu wa kuvunjiana naye siku. Wenzake wa ufuoni walimwambia anapoteza. Alijibu kwamba amepata siku ya kufua, kuoka na kuchana nywele, vitu ambavyo kwa miaka mingi alikuwa anavifanya mbiombio jua likimfukuza. Mzee Maurice alipopata habari aliitikia kwa kichwa taratibu, kisha akauliza kama hiyo omena ya Alhamisi imebaki, mkewe anahitaji debe mbili.

Na Jumapili, jua likichomoza, Jerusha huwa kwenye nyavu za Bosibori na ufagio wake. Hiyo hakuiacha. Jumapili ya kwanza, Bosibori alitoka amevaa sare yake ya akina mama wa Katoliki, rozari imening'inia, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, maana kengele ya pili ilikuwa imeshalia. Akatazama mbingu upande wa Remba, ambako kulikuwa na wingu la ukubwa wa kofia.

"Mama Tony, sasa ukiona lile wingu linakuja huku, tafadhali..."

"Nenda kanisani, Nyar Kisii," Jerusha akasema bila kuinua kichwa, akiendelea kugeuza. "Hujanituma."