Mkwe Mwenzangu wa Hale Anasalimiwa Kabla Yangu

Mvi zimenijaa kichwani, lakini wivu bado haujanitoka. Mjukuu wangu Rehema anachapisha kadi hapa nyumbani Masuguru, kwa kompyuta ya Linux. Kila asubuhi akiiwasha, programu ya simu inajifungua yenyewe, na anayetokea kwenye kioo ni mkwe mwenzangu Mwanahawa, bibi yake mzaa baba anayeishi Hale. "Shikamoo bibi!" Mimi niliyelala naye nyumba moja nasubiri zamu yangu na kikombe cha chai mkononi.

Juzi nikamuuliza, "Hivi huyo nani anamwamsha?"

Akacheka, akanifungulia ukurasa wa huduma zinazojiwasha, akanisomea jina moja moja na kazi yake. Ukiondoa tiki, kesho haiwaki. Alipotoka kununua mkaa, nikaondoa tiki ya simu. Kisha nikawaza, mwanamke yule hakosi wasaidizi, nikaondoa na nyingine nilizozishuku.

Asubuhi kioo kikawa kimya. Nikaamkiwa wa kwanza, nikaitikia "Marahabaa" ndefu. Furaha haikufika mbali. Mwenye kadi za harusi alikuwa mlangoni, na printa haikutoa hata karatasi.

"Bibi, umegusa kompyuta?"

"Mimi? Hata kuiwasha sijui, mjukuu wangu."

Rehema akainamia kioo, akitaja kwa sauti. "Imezimwa ya simu, imezimwa Cups ya kuchapa, imezimwa Bluetooth. Basi, hizo tu."

"Na Avahi," nikamkumbusha, "ile inayotafuta printa."