Majina Mawili kwenye Ukurasa Mmoja

Awinja alikuwa akipiga bandi, akishikiza kwa mkono pindo la gauni la Komunyo ya Kwanza, wakati Titus alipofika kwenye kibanda chake cha ushonaji, nyuma ya soko la Kakamega. Titus ni mtoto wa baba mdogo wa Awinja, na si mtu wa kuingia mahali bila mzaha. Siku hiyo aliketi kwenye benchi la wateja kabla ya kukaribishwa. Akalitazama lile gauni, akatazama nje, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Dada, weka makasi chini kwanza."

Awinja hakuuliza ni nani. Asubuhi hiyo alikuwa ametoka hospitalini, akamwacha mdogo wake kitandani na mama yao Teresa kwenye kiti kando yake, akaja mjini kwa sababu mtoto wa watu alihitaji gauni Jumapili. Aliweka makasi. Akachomoa sindano, akaichomeka kwenye kitambaa ili isipotee, jambo ambalo baadaye lilimshangaza yeye mwenyewe.

"Padre alimwahi?" aliuliza.

"Alimwahi. Alikuwa ametoka tu kumpaka mafuta."

Alimshukuru Mungu kwa hilo, na hapo ndipo machozi yalipokuja. Titus alikunja gauni kwa mikono isiyojua kukunja nguo, akafunga kibanda, na wote wawili wakashuka kuelekea hospitalini.

Kijana huyo, mdogo wake Awinja, alikuwa na majina mawili, na maisha yake yote yalipita katikati ya majina hayo. Alipozaliwa huko kwao kando ya msitu, karibu na Buyangu, alilia mfululizo na kukataa ziwa. Bibi yake akaketi naye mlangoni, akaanza kumtajia majina ya watu wa ukoo waliotangulia, mmoja baada ya mwingine, kama ilivyokuwa desturi. Alipofika kwa Shikanga, babu aliyekufa zamani, mtoto akanyamaza na kunyonya. Tangu siku hiyo Mama Teresa hakumwita kwa jina lingine, kwa kuogopa kwamba kilio kingerudi. Padre naye alimbatiza Sylvanus. Awinja, aliyempeleka shule akiwa amemshika mkono, alimwandikisha kwa jina la ubatizo, na yeye akaendelea kumwita hivyo. Nyumbani kijana aliitikia majina yote mawili, wala hakuna aliyeona shida.

Shida ilikuja pamoja na ugonjwa. Sylvanus alizaliwa na ule ugonjwa wa damu unaorithiwa, unaoshika mifupa na kumfanya mtu mzima alie kama mtoto. Baridi ikizidi, au akichoka sana, ulimwangusha. Wakati mmoja, akiwa bado shule ya sekondari, ulimshika akiwa nyumbani, na mama yake akamfikisha hospitalini kwa baiskeli ya jirani. Kwenye dirisha la kuandikishia, Mama alitaja Shikanga. Karani akatafuta faili, akatafuta tena, akasema mgonjwa huyo hajawahi kufika pale. Wakaandikwa kama wageni, wakaambiwa wangoje zamu. Kijana alijikunja kwenye benchi hadi Awinja alipofika kutoka mjini na kutaja Sylvanus. Faili ikapatikana, nene, yenye historia yake yote ndani. Karani hakuwa mtu mbaya. Alitafuta jina aliloambiwa.

Baada ya kidato cha nne, Titus, aliyekuwa akifundisha upigaji chapa katika chuo kimoja cha biashara mjini, alimwingiza Sylvanus kwenye chumba chenye kompyuta. Kijana alipenda kuchora tangu zamani, na sasa akaanza kutengeneza kadi za harusi. Kadi mojawapo ilifika mikononi mwa Umar, kijana wa Mumias aliyekuwa akifanya kazi Nairobi, katika kampuni ndogo iliyokuwa ikitengeneza programu za kompyuta kwa hospitali za misheni. Umar alisema kadi ile aliisoma hata shangazi yake aliyesahau miwani. Akamwita Sylvanus aje kujifunza kazi kwao, kazi ya kupanga kurasa za kompyuta: nini kikae wapi, kipi kiwe kikubwa, maneno gani yatumike.

Alienda mwezi wa Julai. Baridi ya Nairobi haikumpa hata nafasi ya kuzoea kiti. Alirudishwa Kakamega akiwa amelala kwenye viti vya nyuma vya basi, na daktari akakataza safari hiyo kabisa. Awinja alimpokea akifikiri ndoto imeishia hapo, na kusema kweli moyoni alifarijika. Alitaka ndugu yake awe mahali anapoweza kumwona. Lakini Umar alipiga simu chuoni, akasema kama mtu hawezi kuja kwenye kazi, kazi imfuate mtu. Wakakubaliana hivyo. Sylvanus angechora kwenye kompyuta ya chuo wakati wanafunzi wametoka, disketi ingepanda basi la usiku, na siku ya Ijumaa Umar angepiga simu kwenye ofisi ya chuo kumweleza alichokosea.

Na alikosea. Disketi ya kwanza aliijaza maua pembeni, vivuli chini ya herufi na rangi alizozipenda. Aliingoja Ijumaa kama mtu anayengoja kusifiwa. Kwenye simu Umar aliuliza jambo moja tu: "Mgonjwa amekaa wapi kwenye ukurasa huu?" Sylvanus alirudi kibandani kwa Awinja akiwa amenywea kabisa. Jioni hiyo hakula. Kesho yake aliomba karatasi ya manila ambayo Awinja alikuwa akikatia ruwaza za nguo.

Umar alikuwa amemwambia achore kwenye karatasi kwanza, kwa sababu mtu haoni uchungu kuichana. Akamwambia pia amketishe mtu wa kawaida mbele ya karatasi hizo, amwombe aguse anapotaka kugusa, na kila mtu huyo akigusa, Sylvanus amwekee karatasi inayofuata, kama vile Sylvanus ndiye kompyuta. Ila kompyuta haisemi. Asimwelekeze mtu, asimsahihishe, akae kimya atazame.

Basi mwisho wa juma meza ya Mama Teresa ikawa kompyuta. Sahani za obusuma, yaani ugali, ziliondolewa, karatasi zikapangwa. Mama alikuwa karani. Titus alikuwa mgonjwa, akiguna na kujishika tumbo hadi Mama akamwambia kwamba mgonjwa wa kweli hana nguvu ya kelele zote hizo. Mama aliinama juu ya karatasi, akagusa pembeni mahali pasipo na kitu, akangoja. Sylvanus hakusogea.

"Kompyuta yako haisalimianga watu?" Mama aliuliza.

Kimya.

"Hata kikohozi haina? Awinja, ndugu yako amenunua bubu."

Awinja alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso. Lakini alimtazama ndugu yake pia, akamwona akijiuma mdomo, mikono ameikalia ili isimsaidie mama yake. Awinja alikuwa amezoea kumsaidia Sylvanus kabla hajaomba: kumchotea maji, kumsemea kwa daktari, kumshika kiwiko njiani. Siku hiyo alielewa kwamba kunyamaza na kumtazama mtu akijaribu ni kazi ngumu, na kwamba kijana huyu mgonjwa alikuwa ameiweza.

Baadaye wakacheza mchezo wa pili, wa kumtafuta mgonjwa aliyewahi kufika. Mgonjwa safari hii alikuwa Sylvanus mwenyewe, na faili yake ilikuwamo kwenye kijisanduku cha karatasi. Mama alichukua penseli, akaandika kwa makini kwenye nafasi ya jina: Shikanga. Kompyuta ikatafuta kijisandukuni. Ikachelewa. Kisha, kwa kuwa sheria ni sheria, ikaweka mezani karatasi iliyosema: Mgonjwa hayupo.

Mama aliisoma. Akainua macho akamtazama kijana aliyeketi mbele yake.

"Mimi ndiye nimekuzaa," alisema, "na hiki kikaratasi kinaniambia haupo."

Titus peke yake ndiye aliyecheka, na hakucheka kwa muda mrefu.

Usiku ule Sylvanus alikusanya karatasi zake, akatoka. Awinja alipomfuata nje na chai, alimkuta ameketi mlangoni kwa isimba yake, ile nyumba ndogo ya kijana. "Dada, mimi ndiye nililala kwenye lile benchi," alisema. "Mimi. Na nimechora dirisha lilelile."

Tangu siku hiyo alitaka jambo moja. Chini ya nafasi ya jina aliweka mstari wa pili, Jina la Nyumbani, na kompyuta itafute kwa mistari yote miwili. Disketi ikapanda basi. Jibu la Ijumaa lilikuwa kwamba wakubwa wa Nairobi wamekataa. Walisema mtu ana jina moja, lile la kitambulisho, na ukurasa hauna nafasi. Umar mwenyewe alimwamini, lakini alimwambia kwamba kuamini hakutoshi, awaonyeshe.

Hapo ndipo Awinja alipoanza kuogopa. Sylvanus alienda kukaa kwenye mabenchi ya hospitali kila siku ya kliniki, na hata siku zisizokuwa zake. Aliwauliza kina mama waliobeba watoto: huyu nyumbani anaitwanga nani, na kwenye kadi ameandikwa nani? Wengine walimcheka, wengine wakamhadithia ukoo mzima. Alirudi jioni macho yakiwa ya manjano, akaenda moja kwa moja chuoni kuchora. Awinja alimkanya. Alimwambia huo mstari utamngoja, lakini mwili wake hautangoja. Alijibu kwa upole kwamba programu nayo haingoji. Ikikamilika bila mstari ule itapelekwa hospitalini hivyo hivyo, na watu wataendelea kuambiwa hawapo. Kisha akamkumbusha jinsi Mama alivyogusa karatasi tupu. "Nitazame tu, dada. Usinisaidie."

Awinja alimtazama. Alisali rozari kibandani huku mguu ukikanyaga cherehani, na hakumzuia tena.

Disketi ya mwisho, yenye majina yote aliyoyakusanya kwenye mabenchi, ilipanda basi mvua kubwa zikiwa zimeanza. Sylvanus alilowa akirudi kutoka kituoni. Kabla Ijumaa haijafika alikuwa amelazwa, na safari hii maumivu yalipanda hadi kifuani. Mama, aliyekwisha kujifunza, alitaja majina yote mawili dirishani. Alipopata nafuu kidogo Sylvanus alimuuliza Titus kama simu imelia. Haikuwa imelia, mvua ilikuwa imeangusha nyaya. Aliuliza tena asubuhi ile ambayo Awinja alitoka kwenda kumalizia gauni. Awinja akamwambia akirudi atapitia chuoni kuuliza. Sylvanus aliitikia kwa kichwa, akafumba macho apumzike. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya mwisho.

Msalaba wa kaburini ulileta mabishano juu ya jina la kuandikwa. Katekista alisema jina la ubatizo linatosha mbele ya Mungu. Mama Teresa alisema hawezi kumzika mtu asiyemjua. Awinja alichukua chaki yake ya kushonea, akapiga mistari miwili kwenye ubao wa msalaba, sawa kwa urefu, mmoja chini ya mwingine kama alivyoiona kwenye zile karatasi za manila, na Titus akafuatisha kwa rangi. Sylvanus juu, Shikanga chini. Katekista alipouona alisema Mungu anayajua yote mawili.

Siku ya mazishi, wakati watu wameanza kuimba, aliingia uani mwanamume mmoja mgeni, suruali imeloa matope hadi magotini. Alieleza kwamba alishuka barabarani akauliza nyumbani kwa Sylvanus, na hakuna aliyemjua. Mwendesha baiskeli mmoja ndiye aliyemwambia kwamba Sylvanus hamfahamu, ila leo anazikwa kijana anayeitwa Shikanga. Alikuwa Umar. Hakuwahi kumwona Sylvanus akiwa mzima zaidi ya zile siku chache za Julai. Walijuana kwa sauti.

Aliwapa pole, akasimama mbele ya Mama Teresa mikono ameifumbata. Alisema amekuwa akipiga simu chuoni haiingii, ndiyo maana alipanda basi aje kumwambia mwenyewe, na habari ya kifo ilimkuta mjini.

"Mstari wa pili umekubaliwa, mama," alisema. "Umewekwa. Wameyasoma yale majina kwenye disketi yake ya mwisho."

Mama Teresa alimsogelea. "Kwa hivyo mtu akija pale dirishani amtafute Shikanga, atampata?"

"Atampata."

Mama aliitikia kwa kichwa, akamwonyesha mahali pa kukaa. Awinja aligeuka, akashika nguzo ya nyumba.

Kaburi lilichimbwa kando ya isimba. Padre alisoma misa, akayataja majina yote mawili, akanyunyiza maji ya baraka. Vijana wa ukoo walishusha jeneza kwa kamba, polepole, Titus akiwa upande wa kichwa. Mama Teresa alitupa udongo kwanza, akaliita lile jina lililomnyamazisha mtoto, mara moja, kwa sauti ya kawaida. Awinja akafuata, halafu Umar, halafu watu wengine. Kaburi lilijazwa, udongo ukasawazishwa kwa majembe, msalaba ukasimamishwa. Wakasali Baba Yetu. Mawingu yalikuwa yametanda juu ya msitu, na matone ya kwanza yalipoanguka watu walielekea jikoni kula. Awinja alimshika mama yake mkono, wakaingia ndani.