Siku Tatu za Kufunga Kabureta

Mume wangu alipata kiharusi akiwa kazini. Alikuwa amechuchumaa kando ya gari la mteja, kwenye gereji aliyofanya kazi kwa miaka mingi hapa Mtwara mjini, spana ikamponyoka. Akataka kuiokota kwa mkono ule ule, mkono ukakataa. Wenzake walidhani ni jua. Wakamleta nyumbani, na mimi nilipoona mdomo wake umeenda upande, tukamkimbiza hospitali.

Aliporudi, upande wote wa kulia ulikuwa mzito. Mguu aliukokota, mkono ulilala tu mapajani. Maneno hayakupotea, ila yalimtoka moja moja na kwa shida. Siku za mwanzo yalikuja kwa Kimakonde peke yake, lugha ya mama yake, na mimi niliyezaliwa katika nyumba ya Kiyao nilikuwa naelewa nusu na nusu nakisia.

Nadhani tabia yangu ya kukisia ilianzia hapo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, kazi yangu ni kusema. Kwa miaka miwili nilisema kwa ajili ya watu wawili. Mgeni akimwuliza hali, yeye akifungua mdomo mimi nimeshajibu kwamba hajambo, usiku amelala vizuri, dawa anakunywa. Akianza, "Niletee m...", mimi nimeshafika na maji, kumbe alitaka mkongojo. Aliyapokea maji na kuyanywa. Mimi niliona namhurumia.

Nyuma ya nyumba tulikuwa na pikapu ya zamani. Ndiyo iliyobeba magunia ya korosho kutoka shamba letu la Nanyamba, misimu yote ambayo watoto walikuwa wanasoma. Muda mfupi kabla hajaugua, kabureta yake, kile chombo cha kuchanganya petroli na hewa, ilikuwa imechakaa, na kwa kuwa ya aina ile ile haikupatikana tena madukani, aliagiza nyingine kutoka Dar es Salaam, iliyotengenezwa kwa ajili ya magari ya namna nyingi. Ilifika ndani ya boksi. Boksi likakaa chini ya kitanda miaka miwili.

Likizo ya mwezi wa sita niliamua kuiuza ile pikapu. Mimi sijui kuendesha, yeye hawezi tena, na matairi yalikuwa yanapasuka kwa kukaa. Nilimpata mnunuzi, mfanyabiashara wa mihogo mikavu ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka ng'ambo ya mto Ruvuma. Akasema atakuja kuiona ikiwa inatembea. Mume wangu sikumwambia. Nilijiambia nitamwambia mambo yakishakuwa tayari, asije akasononeka bure.

Nikamwita fundi mmoja kijana akaifunga kabureta mpya mchana mmoja. Injini ikawaka. Kesho yake akaipeleka barabara ya Mikindani kuijaribu, na alipokaribia mteremko akaondoa mguu kwenye akseleta, gari likaendelea kukimbia. Akazima kwa ufunguo, akalitoa barabarani, likasimama kwenye majani. Lilirudi likivutwa kwa kamba. Yule fundi alikuwa ametulia kwa namna ya mtu aliyeogopa sana.

"Mama, hii kabureta si ya gari hili," akaniambia. "Itoeni."

Mume wangu alikuwa ameketi barazani. Fundi alipoondoka, alinyanyuka, akajivuta mpaka kwenye gari, akagonga boneti kwa mkono wa kushoto.

"Fungua."

Nikafungua. Alitazama muda mrefu bila kugusa kitu. Kisha akacheka, kicheko chake kipya cha upande mmoja.

"Nimwite fundi mwingine?" nikamwuliza.

Akatikisa kichwa. Midomo ikahangaika. "Wewe," akasema.

Nilimweleza kwamba sijawahi kushika spana. Alirudi ndani na kutoka na kisanduku chake cha vifaa, akikiburuza sakafuni, nikaona aibu kuendelea kubisha.

Siku ya kwanza ilikuwa ya mipira. Kabureta ile ilikuwa na vijibomba vinne vya kuunganisha mipira, na fundi kijana alikuwa ameunganisha kila mpira kwenye kijibomba kilichokuwa karibu. Mpira wa petroli aliotumia ulikuwa wa plastiki angavu, ule wa kupitishia maji, nao ulikuwa umelala karibu kabisa na bomba la moshi. Mume wangu aliushika, akaubinya, ukabaki na alama ya kidole. Akautupa chini. Alinituma dukani na kipande cha mpira mweusi alichokuwa nacho sandukuni, nilete wa namna ile na klipu za kufunga kwa bisibisi.

Niliporudi, kazi ikaanza, na hapo ndipo nilipokwama. Aliponyoosha kidole na kusema, "Huu... u..." nilitaka kummalizia kama kawaida yangu, nikakuta sina cha kusema. Sikujua kilichofuata. Sikujua hata majina. Nikalazimika kusimama pale, mpira mkononi, nikisubiri.

"Huu... upite... mbele. Mbali na... moto."

Ilichukua labda nusu dakika. Kwangu ilikuwa ndefu ajabu. Lakini sentensi ilifika ikiwa nzima, na ilikuwa na maana ambayo nisingeikisia hata siku moja. Nikaupitisha mpira mbele ya injini, mbali na bomba la moshi, nikaufunga. Akaujaribu kwa kuuvuta. Akaitikia kwa kichwa, tukaenda kwenye mwingine.

Kulikuwa na mpira mmoja mwembamba ambao mahali pake sikupajua mpaka aliponifundisha kwa kidole. Aliingia kwenye kiti cha dereva, akavuka mwili wake kwa mkono wa kushoto mpaka kwenye ufunguo ulio kulia, akawasha. Akaniagiza niweke ncha ya kidole kwenye kijibomba kimoja. Kikaninyonya kama mdomo wa samaki.

"Kinavuta?"

"Kinavuta."

"Si... hicho. Kingine."

Kingine hakikuvuta. Akakanyaga mafuta kwa mguu wa kushoto, injini ikanguruma, na hapo kikaanza kuvuta. Akazima. Akanieleza, kwa kituo baada ya kituo, kwamba mpira ule mwembamba unautaka mvuto ule pale injini inapokanyagwa tu, si inapopumzika, na fundi kijana alikuwa ameuweka pasipo pake. Kile kijibomba kilichobaki bila kazi tulikiziba kwa kifuniko cha mpira ili kisivute hewa ya bure. Hospitali walimpa picha za embe na kikombe azitaje, akashindwa na kuzigeuza uso chini. Hapa alikuwa anasema maneno mara tatu ya yale aliyonipa mwezi mzima, nami nilikuwa nimeolewa naye kwa miaka thelathini bila kujua anachokifanya mchana kutwa.

Siku ya pili ilikuwa ya waya wa akseleta, ule uliotaka kumuua yule kijana. Kabureta ya zamani ilivutwa na waya kutoka nyuma, hii mpya ilivutwa kutoka upande. Fundi alikuwa ameukunja waya na kuufunga kwa kipande cha binding, ule waya laini wa kufungia nondo, ukawa unasugua kwenye chuma na kunasa. Mume wangu alinichorea kwenye karatasi ya daftari la shule, kwa mkono wa kushoto, mistari iliyopindapinda. Nikaipeleka kwa mchomeleaji wa jirani akakata kipande cha chuma bapa na kukitoboa matundu matatu. Tulikifunga, kikaushika waya ukanyooka. Kisha akataka springi mbili za kuurudisha.

"Moja haitoshi?" nikauliza.

Akatafakari. "Ikikatika... ya pili... inarudisha."

Tulifanya jaribio mara nyingi kuliko nilivyoona inahitajika. Yeye akikanyaga ndani, mimi nje nikitazama kile kibamba kidogo ndani ya koo la kabureta kikisimama wima.

"Imefunguka?"

"Imefunguka."

"Imerudi?"

"Imerudi."

Jasho lilikuwa likimtiririka. Nilimwambia apumzike, akakanyaga tena.

Siku ya tatu aliiwasha, akanifundisha kuzungusha parafujo mbili ndogo, robo mzunguko kwa robo mzunguko, mpaka injini ikatulia. Nilijua ametosheka kwa sababu alifumba macho. Akazima. Tukabaki tumekaa, yeye kwenye usukani, mimi kando yake, mikono yangu ikinuka petroli.

"Mnunuzi," akasema. "Mwambie... springi... ni mbili."

"Umejua lini?"

"Simu. Una... sauti... ya darasani."

"Kwa nini hukusema kitu?"

Midomo yake ikahangaika, na safari hii nilijua kwamba hajamaliza, kwa hiyo sikuongeza neno.

"Nilikuwa... naanza," akasema.

Nimewahi kukaripiwa maishani, na wakuu wa shule, na mama mkwe. Hakuna lililoniingia kama maneno yale mawili, ambayo aliyasema bila hasira. Nilimwomba radhi. Nikamwuliza kama anataka tusiuze. Alifikiri, akasema tuuze, ila kwanza anataka kwenda Nanyamba.

Mnunuzi alipokuja, ndiye aliyetupeleka kule. Mume wangu alikaa mbele, sikio lake likiwa kwenye injini njia nzima. Shambani alitembea kwa mkongojo kati ya mikorosho, akagusa baadhi ya miti, akakojoa kwenye mmoja kama kijana, tukarudi. Tulipofika nyumbani, yeye mwenyewe alimweleza mnunuzi, mpira kwa mpira, boneti ikiwa wazi. Yule bwana mara ya kwanza alitaka kumsaidia neno. Kisha akaacha, akainama, akasikiliza. Jioni hiyo akaondoka na gari.

Sasa asubuhi tatu kwa wiki mume wangu huchukua bajaji mpaka gereji yake ya zamani. Wamempa benchi. Wanamletea magari yaliyowashinda, hasa ya zamani, na nasikia kwamba yule fundi kijana ndiye anayekaa naye karibu zaidi. Mimi bado narudia makosa yangu, hasa nikiwa nimechoka na madaftari ya wanafunzi. Namkatiza. Yeye hugonga meza mara moja kwa mkono wa kushoto, nami nanyamaza. Juzi nilimngoja mpaka chai ikapoa. Alikuwa anataka kuniambia kwamba darasani kwangu, kwa jinsi anavyonisikia nikisimulia, wapo watoto ambao sijawahi kuwataja. Akaniuliza kama na wao huwa wanasema.