Kamisheni ya Mama Pazia

Mama Pazia alikuwa na ugonjwa mmoja ambao wateja wake waliupenda: hakuweza kumsifu mtu bila kumalizia na kasoro yake. Ukiingia kwenye kibanda chake cha kushonea ukamuulizia fundi bomba, atakwambia yupo, kazi yake safi, ila anaazima spana na kusahau kurudisha, kwa hiyo simama mlangoni anapoondoka. Watu walicheka, wakamchukua fundi huyo, na mlangoni wakasimama.

Aliyesifiwa hivyo kuliko wote ni shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, fundi makochi asiye na duka wala kibao. Sponji, ndivyo walivyomwita, alikwenda na mfuko wake wa vifaa nyumba hadi nyumba, akifumua viti vya watu na kuvivalisha upya. Wateja wake karibu wote walitoka kwa Mama Pazia, maana mtu akishabadilisha mapazia, macho yake huhamia kwenye makochi.

"Mkono wake hauna mpinzani," Mama Pazia angewaambia. "Ila usimpe hela yote mwanzoni. Mpe nusu, akimaliza mpe nusu. Akizishika zote, hutamwona mpaka ziishe."

Sponji alijua anavyosemwa, wala hakununa. Alipita kibandani kumchokoza. "Shemeji, leo umenichafulia jina wapi?"

"Kwa mama wa duka la dawa. Nimemwambia akufungie ndani na viti vyake."

"Asante. Bila wewe wangeniona mtu wa maana."

Aliyemtia maneno Mama Pazia ni jirani yake, fundi wa madirisha ya aluminiamu, mtu mwenye mdomo mrefu. "Mama, unagawa kazi bure kama mgonjwa wa kufa anayegawa nguo zake," alimwambia. "Dalali akikuonyesha chumba kinachovuja, unamlipa. Wewe unawaonyesha fundi wa uhakika, unaambulia ahsante."

Mwanzoni alimcheka. Baadaye cherehani yake ikaanza kuruka mishono, mwenye kibanda akapandisha kodi, naye akajikuta anawaza makochi yote ya mjini yanayokaliwa kwa raha kwa sababu ya mdomo wake. Na tuseme ukweli, hakukuwa na dhambi hapo. Kumjua mtu ni kazi, na kazi hulipwa.

Siku moja mwalimu mkuu wa shule ya wasichana alifuata mapazia ya chumba cha wageni, akaulizia fundi makochi. Wageni wa bodi walikuwa wanakuja na viti vilikuwa vimechoka.

"Ninaye, mwalimu. Ila nikikuunganisha na mtu, huwa nina kamisheni yangu kidogo."

Hiyo "huwa" aliitunga palepale. Mwalimu hakushtuka. Alifungua pochi, akaweka hela juu ya meza ya kukatia vitambaa. "Haya, nipe habari zake."

Mama Pazia akasema mkono wake hauna mpinzani. Akasema anajua kitambaa kinachovumilia na kinachochakaa upesi. Akasema ni mtu wa heshima, ndugu wa marehemu mume wake. Kisha akafika pale penye "ila", na hela ilikuwa mbele yake. Aliona aibu kuitia doa bidhaa aliyokwisha kuiuza. Akanyamaza, akaanza kukunja mapazia.

Mwalimu alimpa Sponji hela yote kwa mkupuo. Sponji alivifumua viti vyote siku hiyohiyo, akang'oa sponji za zamani, akasema anakwenda kununua mpya, na huo ukawa mwisho wa kumwona. Wageni wa bodi walipokelewa kwenye chumba chenye mapazia mazuri na viti vilivyobaki mifupa. Walikalia madawati ya darasani, watu wazima wenye vitambi, magoti yakiwagusa kidevu.

Mwalimu alikuja mwenyewe kibandani. Hakupaza sauti.

"Mama wa duka la dawa anasema yeye ulimwonya. Mimi hukunionya. Nilikukosea nini?"

Mama Pazia alimsogezea ile kamisheni, lakini mwalimu hakuigusa. "Kaa nayo. Mimi nataka viti vyangu," akasema, akatoka.

Sponji alipatikana chumbani kwake amejifungia, hela imemezwa na madeni. Mama Pazia hakumfokea. Alichukua kamisheni, akaongeza hela aliyoweka ya kutengeneza cherehani, wakanunua sponji na kitambaa, wakaenda shuleni pamoja. Yeye alivuta kitambaa, shemeji akapiga stepla.

Kisha Sponji akasema, "Nimekuaibisha, shemeji."

"Vuta hiyo kona."

"Mwalimu aliponipa zote nilimuuliza, shemeji yangu hakukwambia kitu? Akasema, amekusifu tu, mwanzo mwisho. Nilifurahi, shemeji. Nilitembea mpaka nyumbani nasema, leo mke wa kaka ameniamini. Ndiyo maana nilipoziharibu nilishindwa kuja kwako. Ningekuja na uso gani?"

Mama Pazia aliacha kuvuta. Uongo ulikuwa umeshashonwa, tena kwa vipimo vyake, kilichobaki ni kuuvaa. Angeitikia tu kwa kichwa. Lakini ni huko kunyamaza kulikowafikisha hapo, na roho ilikuwa inamuuma.

"Haikuwa hivyo, shemeji. Mwalimu alinipa kamisheni. Nilinyamaza kwa sababu ya hela."

Sponji alibaki ameishika stepla hewani. "Kumbe," akasema. Akarudi kwenye kiti, akakimaliza kona kwa kona, kitambaa kikalala bila mkunjo hata mmoja. Alipanguza vumbi kwa kiganja.

"Basi na mimi niambie kamisheni yako ni ngapi," akasema bila kumtazama. "Kwa wateja wote ulionipa tangu kaka afariki. Nitakulipa kidogo kidogo."

Mama Pazia alimsubiri acheke. Sponji akavuta kiti kingine, akaanza kukipima.