Binti wa Kwenye Lifti

Nilipokuwa na miaka kumi na sita nilipenda kwa mara ya kwanza. Mwezi huohuo mama yangu akaanza kumtafuta msichana wa kunifaa, na msichana mwenyewe nilikuwa mimi.

Tulikaa ughaibuni, mtaa wa Weston, kwenye maghorofa ya zamani kando ya mto Humber: mama, dada yangu mkubwa na mimi. Kila Jumamosi nilikwenda maktaba, ambako vijana kama kumi tulikutana kusoma manga, zile hadithi za katuni za Kijapani, na kujaribu kuzichora. Huko ndiko nilikomkuta huyo niliyempenda. Wazazi wake walitoka Bukavu, wao walikaa Regent Park, na alivuka mji mzima kwa basi kwa sababu maktaba yetu ilikuwa na vitabu vyote vya hadithi aliyokuwa akiifuata. Nywele zake alizinyoa fupi kuliko zangu. Akicheka, wasimamizi walitukazia macho.

Hadithi yenyewe ilimhusu mvulana ambaye baba yake ni mpiga picha. Siku moja mteja hakutokea, baba akamvika mwanawe gauni la studio ili apime mwanga, akampiga picha, kisha akaiweka dirishani. Mji mzima ukaanza kuuliza: binti huyu ni nani? Kijana mmoja akaipenda kabisa ile picha. Na mvulana, badala ya kuona aibu, akawa anapita mbele ya lile dirisha kila siku kujitazama. Ukurasa ule niliurudia mpaka ukalegea. Nilichokuwa nakihisi mbele ya kioo cha dada, mlango ukiwa umefungwa, sikuwahi kukiona kimechorwa mahali popote.

"Na sisi tuvae," akaniambia Jumamosi moja. Mjini kulikuwa na mkutano wa wapenzi wa manga, na watu huenda wamevaa kama wahusika. "Weye utakuwa binti wa dirishani. Mimi nitakuwa yule kijana anayependa picha yake."

"Mimi? Gauni?"

"Uko muzuri, unaogopa nini?"

Hilo "muzuri" lake la Kikongo nililibeba mpaka nyumbani kama yai.

Siku ilipofika, mama alikuwa kazini na dada chuoni. Nikavaa gauni la dada, la bluu lenye kola nyeupe, na wigi nililonunua kwa siri. Nikapaka wanja, nikakosea, nikafuta, nikapaka tena. Nilipojitazama nilicheka kwa sauti, peke yangu, na si kwa sababu nilichekesha. Ilikuwa kama mgeni niliyemngoja siku nyingi amefika, tena amependeza.

Nikaita lifti. Ghorofa ya tisa ikasimama, akaingia shangazi. Hakuwa shangazi wa damu. Alikuwa mama mmoja wa Tanga, rafiki wa mama, aliyenijua tangu nina miaka minne. Nikaamua nitatazama sakafu na kunyamaza.

"Shikamoo," nikasikia mtu anasema. Ulimi wangu ulikuwa umenitangulia.

"Marahaba!" Akageuka mwili mzima. "Kumbe wa nyumbani! Wewe binti wa nani?"

"Nimekuja kutembea tu," nikasema kwa sauti nyembamba ambayo sijui niliitoa wapi.

"Mrefu hivi, na adabu juu! Watoto wa hapa hata salamu hawaijui."

Mlango ulipofunguka nilitoka mbio, viatu vya dada vikinitafuna vidole.

Mwenzangu wa maktaba alikuwa amekuja hadi kituo cha treni cha Weston kunipokea, maana nilimwambia peke yangu sithubutu. Alivaa suti ya kaka yake, na tai. Nilipomsimulia ile shikamoo, alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akanishika mkono, eti tusipoteane, na hapo kituoni tulikuwa watu sita. Hakuuachia mpaka mjini.

Huko watu walituomba tupige nao picha. Kijana mmoja akauliza, "Kati yenu, mvulana yupi na msichana yupi?"

"Chagua unavyotaka," akamjibu.

Moyo wangu ulikuwa unaruka kamba. Sikuweza kupambanua kama nilikuwa nampenda yeye, au nalipenda lile gauni, au vyote vilikuwa furaha moja.

Jumatano, tukiwa mezani, mama akasema, "Shangazi yako amekutana na binti wa Kitanzania humu jengoni. Mrefu, mpole, ana heshima. Nimeuliza msikitini, nimeuliza kwenye kikundi cha kina mama, hakuna anayemjua. Wewe hujamwona?"

Nikapaliwa na maharage. Dada, aliyekuta gauni lake limefuliwa na kupigwa pasi bila mkono wake, akaangalia dari.

Mama hakuchoka. Wiki mbili nzima alimuulizia, na akaniagiza ninyoe vizuri, kwa sababu akipatikana ataalikwa chakula. Mwishowe nikamfuata jikoni.

"Mama, yule binti ni mimi."

"Wewe nani?"

"Kwenye lifti. Nilivaa gauni la dada."

Akaweka mwiko chini. "Shangazi yako alisimama karibu nawe hivi, asikujue?"

"Hakunijua."

Akaziba mdomo kwa upande wa kanga, mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, mpaka ikabidi ashike ukingo wa sinki. Kicheko kilipoisha akanitazama muda mrefu.

"Ulikuwa mchezo, au ndivyo ulivyo?"

"Sijui, mama. Nilifurahi sana."

Akachukua mwiko. "Basi ukishajua, niambie mimi kabla ya shangazi yako."

Jibu lilinichukua miaka minane, na hata sasa, kuna siku mimi ni mwanamume na kuna siku siyo, nami naishi vizuri na siku zote mbili. Lakini wakati ule sikuwa na haraka. Jumamosi iliyofuata nilimkuta mwenzangu maktaba, amejiinamia juu ya mchoro, nikamnong'oneza kwamba mama anajua, na kwamba amecheka. Akapiga yowe. Tukatolewa nje wote wawili, makoti mkononi, theluji ikianguka. Akanibusu shavuni, haraka kama mtu anayeiba, akakimbilia basi lake. Nikabaki nimesimama pale nje ya maktaba, nikipungia mkono basi lililokwisha kukata kona.