Nyongeza ya Bi Eufrosina yapigwa marufuku

Saa moja asubuhi, Bi Eufrosina Cuevas (61) anapima pilipili kavu katika soko la San Melchor, Oaxaca.

"Usinipunje, shoga," anasema Delfina Robles, mteja wake wa miaka mingi.

"Nikupunje wewe? Na mdomo huo, si utanitangaza mpaka kwa padri!"

Wanacheka. Kisha mlinzi wa soko anakohoa kwa makusudi, na Bi Eufrosina anafunga mfuko bila kuongeza hata punje.

Tangu Februari, halmashauri ilipolikodisha soko kwa kampuni binafsi, nyongeza, ile konzi ya bure juu ya kipimo, ni marufuku. Kinachotoka bila risiti kinaitwa upotevu. Ushuru wa meza umepanda kutoka peso 15 hadi 70 kwa siku, na mama huyu huondoka na faida ya kama peso 300 tu.

Ameshakamatwa mara mbili akiongeza. Ya tatu, atanyang'anywa meza aliyoirithi kwa mama yake.

"Ukinipa hela nikakupa pilipili, tumemalizana," anasema. "Hiyo konzi ya juu ndiyo inayosema hatujamalizana. Utarudi, nitakuuliza mtoto amepona? Mume wangu alipofariki, waliochimba kaburi ni wateja. Kampuni itanichimbia?"

Meneja wa kampuni alimwambia mwandishi kwamba nyongeza ni hasara. Sawa. Lakini pale mlangoni, kwenye rafu ya kampuni yenyewe, vimepangwa vifuko vidogo vya pilipili vyenye utepe mwekundu. Vimeandikwa "Nyongeza ya Asili". Bei, peso 12.

Haki ya Mungu! Mama anakatazwa kutoa bure, wao wanakiuza kile kile kwa watalii. Huo ni wizi, hata ukifungwa utepe.

Delfina naye ameviona. "Kwa hiyo nyongeza yangu nikainunue pale?" anauliza kwa sauti, soko zima lisikie. "Kesho watatuuzia na salamu!"

Bi Eufrosina anafungua tena ule mfuko, anachota konzi iliyojaa, anaimimina ndani, mlinzi akimtazama. Mlinzi anatoa simu.

"Mpigie bosi wako, mwanangu, ndiyo kazi uliyopewa," anamwambia, huku ameanza kukunja magunia. "Mwambie kuanzia kesho nauzia chini, pale nje ukutani. Na wewe upite. Utanunua kidogo, nitakuongeza."