Jumatatu Tuliyoingojea Roketi

Vumbi likiungua juu ya taa ya projekta lina harufu yake, kama ya nywele zilizoguswa na pasi. Niliisikia mwezi uliopita chuoni, mhadhiri wetu alipowasha mashine kuukuu baada ya ile mpya kugoma, na kuanzia hapo sikuambulia neno lake hata moja. Nilikuwa nimerudi kwenye miaka yangu kumi na minne, ndani ya ukumbi wa jumuiya ulio nyuma ya maduka ya Coventry Road, nimebeba sinia la mahamri, namtazama dada yangu Nasra akifunga mapazia ili picha ionekane vizuri ukutani.

Nyumbani kwetu Small Heath, mjini Birmingham, tulizungumza Kiswahili kwa sababu mama ni wa Mombasa na baba ni Msomali aliyelelewa Isiolo; ndiyo lugha waliyopendania. Baba aliendesha teksi. Nasra alikuwa na miaka kumi na saba na alipenda mambo ya anga kama wasichana wengine walivyopenda viatu. Mwaka ule habari za roketi mpya ya kwenda mwezini zilikuwa kila mahali. Ilikuwa ya majaribio tu, haina mtu ndani. Ingeuzunguka mwezi na kurudi, ili baadaye watu wapande wakiwa na uhakika. Nasra aliijua kuanzia ncha hadi mkiani. Mama, aliyekuwa akisugua ukungu uliotambaa pembeni mwa dirisha la chumba chetu, alisema watu wenye akili ya kufika mwezini wangeanza na dirisha lile.

Mwenye shaka mkubwa alikuwa Ami Dahir, rafiki wa baba, ambaye kila alasiri alikaa kwenye mgahawa wa chai na wenzake wakipanga mambo ya dunia. Yeye alishikilia kwamba hakuna aliyewahi kukanyaga mwezi. Kama walifika miaka hamsini iliyopita, aliuliza, mbona leo wanajaribu upya kama watu wasioijua njia? Baba alikuja na swali hilo nyumbani. Nasra akachukua chungwa, kikombe na uzi wa mama wa kushonea, akamwonyesha mezani njia ya roketi ya kwenda na kurudi. Baba alisahau chakula chake kikapoa. Kesho yake akapeleka jibu mgahawani, akarudi na swali jingine, na ikawa hivyo muda wote wa likizo: maswali yanakuja na baba, majibu yanaondoka naye. Sijawahi kumwona akitembea vile, kifua mbele, kama mtu aliyepewa mzigo wa heshima.

Ubishi ulipopamba moto, baba alitangaza mbele ya meza nzima kwamba siku ya kurushwa atakodi ukumbi, waje wote na familia zao, wajionee wenyewe, na binti yake awaeleze. Mungu akajalia siku iliyopangwa iwe Jumatatu ya mapumziko mwishoni mwa Agosti, mchana, watu hawana kazi.

Kwa Nasra siku ile ilikuwa na jambo jingine ndani yake. Alitaka kwenda mji wa Bristol kusomea uhandisi wa vyombo vya anga. Alishamwomba baba, na baba alijibu, "Tutaona." Nasra aliniambia tukiwa tunakata karatasi za kubandika ukutani, kwa Kiingereza kama tulivyozoea tukiwa wawili, kwamba baba akiiona ikipaa mbele ya rafiki zake, hataweza tena kumzuia. Nikamwuliza isipopaa je? Alicheka, akasema nimeanza kuwa kama Ami Dahir.

Projekta ililetwa na Mzee Gurdip, Sikh aliyezaliwa Nakuru, fundi umeme mstaafu na jirani yetu wa mlango wa pili. Kiswahili chake kilikuwa cha zamani na kizito, na alimwita Nasra "binti yangu" tangu tulipohamia. Alipoiwasha, vumbi likaanza kuungua, na harufu ile ikachanganyika na iliki ya mahamri na mazulia yaliyovunda ya ukumbi. Watu walijaa. Wanaume mbele, wanawake nyuma na watoto wachanga, na sisi wa katikati tukipitisha sambusa. Ukutani roketi ilisimama, ya rangi ya machungwa na nyeupe, ikitoa mvuke kando kama birika.

Nasra alisimama pembeni ya picha, ushungi wake wa buluu umepigwa pasi mara mbili, akaeleza. Aliogopa mwanzoni, kisha akasahau kuogopa. Alipokosa neno la Kiswahili alitumia la Kiingereza na kulizungushia maelezo, na kina mama waliokuja kwa ajili ya sambusa tu waliacha kuzungumza. Nilimwangalia baba. Midomo yake ilikuwa ikicheza polepole, anarudia maneno ya mwanawe bila sauti.

Halafu saa iliyokuwa ikihesabu dakika za kuruka, pembeni mwa picha, ikasimama. Nasra akasema ni kawaida, kuna injini moja haijapoa inavyotakiwa kabla ya kuwashwa, wanaiangalia. Tukangoja. Sambusa zikaisha. Mtoto mmoja akaanza kulia, kisha mwingine. Wanaume wakaanza kutazama simu zao. Tulingoja mpaka mwanga wa jua ukapenya kwenye upenyo wa pazia na kuikata roketi katikati, na ndipo sauti kutoka ukutani ikatangaza, kwa upole kabisa, kwamba leo haitaruka.

Ami Dahir aliinuka, akajinyoosha, akamgeukia baba na kumwambia kwamba roketi yake imezima kama ile teksi yake. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hakikuwa kicheko kibaya. Watu walikuwa wamechoka na walihitaji kucheka. Lakini baba hakucheka.

Nasra alipandisha sauti. "Hawajashindwa. Wamesitisha tu. Ni jaribio, ndiyo maana hakuna mtu ndani. Wakiona hitilafu wanatakiwa wasimamishe, hiyo ndiyo kazi yenyewe..."

"Nasra," baba alisema. "Kaa chini. Umetuaibisha vya kutosha."

Alisema polepole, na kila mtu alisikia. Nasra alibaki amesimama kidogo, picha ya roketi imemwangukia usoni na kwenye ushungi. Kisha akakaa, si kwenye kiti, bali chini, juu ya lile zulia, kama mtoto mdogo. Mzee Gurdip alizima projekta, akaanza kukunja waya taratibu sana, macho yake chini.

Usiku ule hapakuwa na ugomvi; ingekuwa afadhali. Baba alisema tu, akinawa mikono baada ya chakula, kwamba vyuo vipo hapa hapa Birmingham, na famasia ni kazi ya maana kwa mwanamke. Mama alinyanyua sahani. Jumamosi iliyofuata walijaribu tena kuirusha, na mimi na Nasra tukaangalia kwenye simu tukiwa tumekaa kwenye ngazi. Safari hii mafuta yalivuja, ikaahirishwa tena. Baba akauliza kutoka sebuleni kama imeruka. Nasra akaizima simu. "Mnaona," akasema, na kuongeza sauti ya televisheni.

Ikaruka Novemba, alfajiri ya kwetu, wakati tunajitayarisha kwenda shule. Niliiona kwenye simu nikiwa na kipande cha mkate mdomoni: moto mkubwa mweupe, usiku wa kule ilikorushwa ukageuka mchana, na kitu kizito kama jengo kikainuka kama hakina uzito. Nilikimbia juu kumwambia Nasra. Alikuwa anapiga pasi sketi ya shule. Aliniuliza kama imefika kwenye mzingo wa dunia. Nikasema ndiyo. Akasema, "Sawa," akageuza sketi upande wa pili. Maombi yake ya chuo alikuwa ameshayatuma: famasia, hapa hapa mjini.

Jioni Mzee Gurdip alibisha hodi na boksi la jalebi, uso wote kicheko, akamwambia baba, "Hongera, ile roketi ya binti imeruka." Baba alimkaribisha, akaagiza chai, akala jalebi mbili, akasema kumbe wale jamaa walikuwa wanajua wanachokifanya. Nasra alileta chai, akaiweka mezani, akarudi jikoni.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba baba hakuamini roketi. Sasa Nasra yuko mwaka wa mwisho wa famasia, na siku za wikendi anafanya kazi kwenye duka la dawa Hodge Hill, ambako wazee wanampenda kwa uvumilivu wake. Idi iliyopita tulikuwa na wageni, na baba akaanza kusimulia kisa cha ukumbi, kama anavyokisimulia siku hizi kwa abiria wake, kisa cha kuchekesha, jinsi alivyokodi ukumbi mzima kwa ajili ya mwezi. Alipofika katikati akamgeukia Nasra, amesogea mbele kwenye kiti.

"Hebu waeleze, mama. Ile ya chungwa na uzi. Jinsi inavyozunguka mpaka inarudi."

"Nimesahau, baba," Nasra alisema.

Nilimwona baba akingoja, akidhani ni mzaha. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba aliamini tangu mwanzo, chungwa lilipokuwa likizunguka kikombe na wali wake unapoa. Alipenda kumsikiliza kuliko alivyopenda kitu chochote katika mji huu. Na alimnyamazisha kwa sababu ya kicheko cha watu ambao leo hata salamu hapigiani nao. Ami Dahir alihamia Leicester mwaka uliofuata, akaondoka bila kuaga. Wale wahandisi waliposhindwa waliruhusiwa kujaribu tena, na tena. Nasra alimpitishia mgeni sahani ya tende, na baba akaendelea kusubiri.